Kuba ya Taa, Ua wa Biryogo

Nyumba ambayo Kigali huwaonyesha wageni kama chimbuko lake ilikuwa ya Mjerumani. Richard Kandt, daktari wa magonjwa ya akili aliyewaacha wagonjwa wake Ulaya akaja kutafuta chanzo cha Mto Nili, alifungua kituo cha utawala juu ya kilima cha Nyarugenge mwaka 1907, na nyumba yenye jina lake sasa ni makumbusho. Wanafunzi huletwa kwa mabasi, husimama kidogo mbele ya picha za zamani, kisha hukimbilia nyoka na mamba wanaofugwa hapo. Siwalaumu. Mtoto akiambiwa achague kati ya mwakilishi wa Kaisari na mamba, atachagua mamba, na hatakuwa amekosea sana.

Sina ugomvi na nyumba ya Kandt. Ila Kandt hakukuta kilima kitupu. Nyarugenge na vilima vya jirani vilikuwa na watu, na watu hao walikuwa na nyumba, uzio, zizi na maghala ya nafaka. Leo Kigali ina wakazi zaidi ya milioni moja na laki saba kwa sensa ya 2022, na sijui pa kumpeleka mtoto akaone hata moja ya nyumba zile ikiwa imesimama mahali pake. Mwanzo wa mji unaanzia kwenye tofali la mgeni kwa sababu rahisi tu: tofali ndilo lililobaki.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu nianze kusoma habari za kijiji kimoja cha China kiitwacho Hongcun. Kiko kusini mwa mkoa wa Anhui, chini ya milima, na ukoo wa Wang ulikianzisha mwaka 1131. Kuta zake ni nyeupe, vigae vyake vyeusi, na mfereji wa maji umechorwa upite mbele ya milango ya watu, uingie katika bwawa lenye umbo la nusu mwezi katikati ya kijiji, kisha uendelee hadi ziwa dogo upande wa kusini. Wenyeji hueleza kwamba waliokipanga walikipa umbo la ng'ombe: kilima ni kichwa, miti miwili mikubwa ni pembe, madaraja ni miguu, nyumba ni kiwiliwili, mfereji ni utumbo na lile bwawa ni tumbo. Mnyarwanda akisikia hivyo lazima atabasamu. Tulidhani sisi tu ndio tuliomweka ng'ombe katikati ya kila kitu.

Ndani ya kila nyumba ya Hongcun kuna ua mdogo ulio wazi juu. Mapaa yote manne yameinamia ndani, hivyo mvua haimwagiki kwa jirani bali hushuka uani, na wenye nyumba huhesabu kwamba mali imerudi nyumbani. UNESCO iliandika Hongcun na kijiji chenzake cha Xidi katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Tangu 2012 serikali ya China imekuwa ikiorodhesha vijiji vyake vya jadi, na kufikia 2023 vilikuwa vimepita elfu nane. Vingine vimegeuzwa duka la kumbukumbu lenye lango na tiketi, watu wake wamehamia mjini, na aliyebaki ni bibi mmoja anayeuza chai kwa wapiga picha. Vingine vimeokoka kweli. Lakini vimeorodheshwa, na hilo si dogo kwa nchi iliyobomoa mitaa yake ya zamani kwa kasi ambayo Kigali haijaifikia.

Kinachonishangaza ni kwamba China tunayoijua sisi huku si hiyo. Barabara ya Kigali hadi Rusumo ilijengwa na Wachina miaka ya 1970. Uwanja wa Amahoro nao wao waliujenga. Kiwanda cha saruji cha Cimerwa, kule Bugarama karibu na mpaka wa Kongo, kilianza kuzalisha mwaka 1984 kwa msaada wao, na kwa miaka mingi ukisema saruji Rwanda ulimaanisha mfuko kutoka Bugarama. Kwetu China ni lami, nondo, vioo na winchi. Kwamba taifa hilohilo lina watu wanaolipwa kuhesabu kuta za udongo na mbao za kuchonga vijijini, habari hiyo haikupanda meli moja na mashine za kusaga chokaa.

Basi niseme nyumba ya Kinyarwanda ilikuwaje, maana wasomaji wengi wa pwani na hata vijana wa Kigali wanaijua kwa picha ya kalenda tu.

Pahali pazuri pa kuiona ni Rukari, Nyanza, kusini mwa nchi, ambako makao ya mfalme yamejengwa upya kwa mfano wa zamani. Usianze na nyumba, anza na uzio. Boma la Kinyarwanda, urugo, ni duara ndani ya duara, na mtu hakuingia ndani moja kwa moja. Alisimama langoni, akangoja, akaitwa. Mbele ya makao ya mfalme palikuwa na uwanja wa wazi, Karubanda, ambapo wenye shida na wenye kesi walikaa wakisubiri kusikilizwa. Nyuma ya nyumba kubwa kuna nyumba mbili ndogo, moja ya maziwa na moja ya pombe. Ya maziwa ilisimamiwa na msichana ambaye hajaolewa. Kando ya hapo hufugwa ng'ombe wa inyambo wenye pembe ndefu ajabu, na wachungaji wao mpaka leo huwaimbia.

Ukifika mlangoni lazima uiname, hata kama u mfupi. Ndani giza linakupokea kwanza, harufu ya nyasi kavu inafuata, na macho yakishazoea ndipo unapoona kazi. Nyumba haikujengwa kama tunavyojenga sasa, ukuta kwanza kisha paa. Ilisukwa kama kapu lililofunikwa: fito na matete yamepindwa kutoka ardhini hadi kileleni, pete kwa pete, yakafungwa kwa kamba, na kila pete ina nafasi iliyopimwa kwa macho na vidole tu. Ukuta na paa ni kitu kimoja. Juu ya mifupa hiyo zinalazwa nyasi kwa tabaka. Ndani, sakafu hutandikwa nyasi laini za ishinge, vyumba hutenganishwa kwa viambaza vya matete vilivyofumwa kwa mistari na pembe za rangi nyeusi na ya asili, na kitanda cha mfalme kinachukua nafasi kubwa kiasi kwamba unajiuliza kama alipata mahali pa kuweka miguu.

Sasa ujue jambo moja kuhusu nyasi. Zinakaa kwa sababu ya moto. Moshi wa jiko la ndani hukausha paa kila siku, huua wadudu na kuzuia ukungu. Nyumba ya nyasi isiyopikiwa hufa upesi kuliko inayopikiwa, hivyo ukiifanya makumbusho, ukazima moto na kuweka kamba ya kuzuia wageni, umeanza kuiua. Watunzaji wake hubaki na kazi ya kuiezeka upya tena na tena, kazi ambayo zamani ilikuwa ya kaya na majirani.

Na hata zamani hawakuitaka idumu. Wafalme wa Rwanda walihama. Kigeri wa Nne Rwabugiri, aliyetawala hadi 1895, alikuwa na makao kila upande wa nchi, na Nyanza ikawa makao ya kudumu mwaka 1899 tu, chini ya Yuhi wa Tano Musinga. Mfalme alipoondoka au kufariki, nyumba iliachwa ioze. Kilichobaki ni miti ya uzio. Fito za mvumu zilizochomekwa ardhini kuwa boma zilishika mizizi, zikanenepa, zikawa miti mirefu iliyosimama kwa mviringo katikati ya mashamba ya watu. Wanyarwanda huita mahali hapo ikigabiro, na ibigabiro vya Rwabugiri vya Rubengera, karibu na Ziwa Kivu, vinajulikana hadi leo. Ukoo wa Wang uliwaachia wajukuu kuta. Rwabugiri aliwaachia miti. Nyumba yenyewe ilihifadhiwa kwingine, katika mikono ya mafundi na katika mpangilio ambao kila mtoto aliujua bila kufundishwa: lango, uwanja wa mbele, nyumba, ua wa nyuma.

Urithi wa namna hiyo una nguvu na una hatari yake. Hauogopi mvua wala mchwa, kwa sababu kila kizazi kinajenga upya. Lakini kizazi kimoja kikiacha kujenga, hakuna gofu la kukumbusha.

Kwetu vizazi havikuacha kwa hiari yao yote. Mutara wa Tatu Rudahigwa, mwana wa Musinga, alijengewa nyumba ya kisasa hapohapo Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1930, yenye sebule na madirisha, na mfalme akihama kutoka kwenye nyasi, chifu naye atahama, na mwalimu atamfuata chifu. Hayo ni ya kawaida duniani kote. Yaliyofuata si ya kawaida. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, nyumba za waliouawa zilibomolewa hadi msingi. Mabati, milango na matofali viliibwa, na mahali pengine pakapandwa mazao ili mpita njia asijue kwamba paliishi watu. Mahali palipokuwa na nyumba huitwa itongo, na tangu mwaka ule neno hilo halitamkwi kirahisi. Kwa hiyo mtu asije Kigali na hotuba tamu kuhusu kupenda nyumba za kale. Hapa wapo watu ambao nyumba ya babu yao si pahali pa kwenda kupiga picha.

Baada ya hapo nchi ilikuwa na wakimbizi waliorudi kwa malaki, wengi wakitoka Uganda, Tanzania, Burundi na Kongo, na wengine hawakuwa wameiona tangu walipokimbia 1959. Desemba 1996 serikali ilipitisha sera ya imidugudu, yaani watu wasiendelee kutawanyika kila mmoja na boma lake mlimani bali wakae pamoja kijijini, karibu na barabara, maji na shule. Kisha ikaja kampeni ya 2010 na 2011 iliyojulikana kwa jina la Bye Bye Nyakatsi, na paa la nyasi likafutwa nchi nzima. Nyumba zaidi ya laki moja zilibadilishwa. Zilikuwepo lawama kuhusu haraka yake, watu kubomolewa kabla bati halijafika, na lawama hizo zilikuwa na msingi.

Hata hivyo siliombolezei paa la nyasi. Anayelisifu mara nyingi hajawahi kulala chini yake mwezi wa Aprili. Linavuja, linawaka, linaficha panya, na mama anayepikia chini yake anavuta moshi uleule ninaousifu kwa kukausha nyasi. Bati ni haki ya mtu. Ninayemlilia ni fundi. Nyumba zilipoondoka, mwenye kujua kupinda fito na kupima pete kwa macho alibaki bila kazi, na hakuna aliyekuja na daftari kumuuliza. Nchi yenye sheria ya mwaka 2016 ya kuhifadhi urithi wa utamaduni na maarifa ya jadi, na yenye Akademia ya Urithi wa Utamaduni, haishindwi kumtafuta mzee huyo akiwa bado hai.

Wengine watasema urithi haukupotea, tazama Kimihurura. Kweli, kuba ya Kigali Convention Centre inaonekana karibu kila upande wa jiji, na usiku taa zake hubadilika rangi huku zikizunguka kama uzi wa msusi. Ilifunguliwa mwaka 2016, ikapokea mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika Julai ileile, na walioibuni walisema wazi kwamba umbo lake limetoka kwenye nyumba ya mfalme. Ni jengo zuri. Nimeliona kwa mbali mara nyingi na halijanichosha.

Vivyo hivyo imigongo. Sanaa hii ilitoka Gisaka, mashariki, na simulizi huihusisha na mwana wa mfalme aitwaye Kakira aliyependa kuta zake za ndani zipambwe. Kinyesi cha ndama huchanganywa na majivu, kikasukumwa kwa vidole juu ya ubao au ukuta kufuata mistari iliyochorwa, kikaachwa kikauke, kikasuguliwa, kikapakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu ya udongo. Akina mama wa Nyakarambi, njiani kuelekea Rusumo, waliifufua baada ya 1994, na sasa utaikuta katika hoteli, benki, fulana na vikombe. Fundi wa imigongo anakula kwa jasho lake, na hilo pekee linatosha kuifurahia.

Lakini angalia tulichokichukua na tulichokiacha. Tumechukua kuba na tumechukua mistari, vitu vinavyoonekana kwenye picha. Uwanja wa Karubanda, pale ambapo raia alikaa chini akingoja kusikilizwa, haumo katika mchoro. Mbele ya kuba ya Kimihurura kuna mashine ya kukagua mabegi na maegesho ya magari. Nyumba ya Kinyarwanda ilikuwa uzio na ua kwanza, paa baadaye. Sisi tumelibeba paa.

Ua wenyewe, ukitaka kuuona Kigali ukiwa hai, teremka Biryogo.

Mtaa huu na Nyamirambo yote una historia ya kushangaza kidogo. Wajerumani walikuja na askari na wapagazi, nyuma yao wakaja wafanyabiashara kutoka Tabora, Ujiji na pwani, Waislamu wenye Kiswahili chao. Msikiti wa kwanza wa nchi ulisimama Nyamirambo mwaka 1913. Wabelgiji walipochukua utawala waliwakusanya watu hawa pahali pamoja, pakaitwa Camp Swahili, na kuingia au kutoka kukawa kwa ruhusa. Walibanwa, na kwa kubanwa wakajenga walichokijua: nyumba ya Kiswahili, ileile ya Ujiji, ya Buyenzi kule Bujumbura na ya Kariakoo. Baraza mbele, ukumbi unaopita katikati, vyumba pande mbili, na mlango wa nyuma unaokutoa uani, ambako kuna jiko, choo, bafu na vyumba vya wapangaji vilivyopangwa kuuzunguka uwanja wa udongo au saruji. Kuta ni za rukarakara, tofali la udongo lililokaushwa juani, zimepigwa lipu na kupakwa rangi ya kijani au ya bluu. Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, Biryogo ilikuwa imekwisha kukitumia zaidi ya miaka mia moja kuombea chumvi.

Nenda saa kumi na mbili jioni. Majiko ya mkaa yametolewa nje, kila mlango na lake. Mtu anatwanga isombe, kile kisamvu cha huku. Bomba la maji lina kufuli na kufuli lina mwenyewe, na madumu ya njano yamepanga foleni yenyewe bila watu. Msichana anatoka chumba cha pembeni na kipande cha bati mkononi.

"Bibi, naomba kaa la moto."

"Chukua, mjukuu wangu. Ila koleo langu la juzi bado liko kwenu."

Si mjukuu wake. Ni mpangaji aliyekuja kutoka Kibuye, na bibi ni mwenye nyumba, mjane, anaishi kwa kodi ya vyumba vitatu. Ua ni mtaji wake na ndio bima yake ya uzeeni. Ni pahali pa kuozeshea binti na pa kuweka maiti kabla ya kwenda kuzikwa. Mtoto wa yeyote anaweza kuchapwa na yeyote, kwa wema na kwa ubaya. Mwaka 1994 Waislamu wengi wa mtaa huu waliwaficha waliokuwa wakiwindwa. Nimewahi kujiuliza ilikuwaje, maana katika ua wenye milango minane siri haifichiki. Lazima milango yote minane ikubaliane kunyamaza.

Sisemi kwamba urugo wa mlimani na ua wa Biryogo ni kitu kimoja. Mmoja ni wa mfugaji na mkulima aliyetaka jirani awe mbali kidogo, mwingine ni wa watu waliosongamana mjini. Lakini vyote viwili vinaanza na swali lilelile, nani aingie hadi wapi, na vyote viwili vinaiweka nafasi ya wazi katikati ya maisha badala ya pembeni. Hongcun nayo hufanya hivyo. Lamu pia, kwa kiwanda chake, yaani ua wa ndani wenye mwanga wa juu. Hata zile ngome za udongo za duara za Fujian, mkoa wa kusini-mashariki mwa China, ambapo koo nzima huishi zikitazamana kuuzunguka uwanja mmoja, mtu wa Biryogo akiingia atajua mara moja pa kuanika nguo.

Kigali haina historia nzuri na nyua zake. Kiyovu ya maskini, iliyokuwa imeegemea katikati ya jiji, iliondolewa mwaka 2008 na watu wake wakapelekwa Batsinda. Kangondo na Kibiraro, mtaa uliofahamika zaidi kwa jina la utani la Bannyahe, ulibomolewa mwaka 2022 baada ya mvutano wa miaka uliofika hadi mahakamani, na wengi wakahamishiwa ghorofa za Busanza. Ghorofa zile zina choo cha ndani, maji na umeme, na asiyethamini hayo hajawahi kupanga foleni ya choo alfajiri. Lakini mwenye nyumba aliyekuwa na vyumba vinne vya kupangisha, akipewa sebule na vyumba viwili juu ya ngazi, amepata makazi na amepoteza riziki. Hesabu hiyo ilifanywa kwa mita za mraba. Ua haukuwa na safu yake kwenye fomu.

Kwa haki, jiji limejifunza kitu. Mpango mkuu uliotengenezwa na wataalamu wa Singapore mwaka 2013 ulipitiwa upya, na ule wa 2020 unawapa watu nafasi zaidi ya kujenga kidogo kidogo pale walipo. Rukarakara, iliyokuwa kama mhalifu mjini, imeruhusiwa tena kwa masharti. Agatare, Biryogo na Rwampara zimepata barabara, mifereji na taa bila mtaa mzima kuhamishwa, na huo ni ushahidi kwamba mtaa mkongwe unaweza kutengenezwa ukiwa na watu wake ndani. Barabara moja ya Biryogo imefungwa kwa magari, ikapakwa rangi, ikawekewa maua na meza, na sasa watu wa jiji zima huja kunywa chai na kula nyama choma. Ni raha tupu. Ni mwanzo pia wa kodi kupanda, na wa ile siku ambapo mwenye nyumba ataona ni afadhali kuujengea ua wake ghorofa tatu za duka.

Kuhifadhi si kuzuia hilo kwa amri. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa na UNESCO mwaka 2000, mwaka uleule wa Hongcun, una mawe, chokaa, sheria na mamlaka yake, na bado Beit al-Ajaib, kasri la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka kwa sehemu Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili waliokuwa katika ukarabati. Jiwe nalo lina njaa. Na kama hatuwezi kuacha kubomoa, basi tubomoe kwa adabu: kule Ningbo, msanifu Wang Shu alijenga jumba la makumbusho lililokamilika 2008 kwa matofali na vigae vya vijiji vilivyovunjwa eneo lile, na mafundi wa kawaida wakaupanga ukuta kwa mbinu yao ya zamani ya kuokoteza vipande baada ya kimbunga. Miaka minne baadaye alipewa tuzo ya Pritzker. Hapa kwetu, hospitali ya Butaro ya mwaka 2011 ilipata kuta zake kutoka mawe meusi ya volkano ambayo wakulima wa kaskazini walikuwa wakiyalaani kwa kuvunja majembe. Kwa hiyo hatukosi akili wala mikono.

Tunachokosa ni kumbukumbu iliyoandikwa ya nyua zenyewe. Hakuna ghala wala kitabu ninachoweza kukufungulia uone ua wa Biryogo umechorwa kwa kipimo: baraza upana gani, ukumbi urefu gani, jiko liko upande gani wa upepo, nani alilala wapi, kodi ya chumba cha nyuma ilisomesha nani. China ilianza na orodha. Hatuhitaji vijiji elfu nane. Nyua mia mbili zingetosha kwa kuanzia, pamoja na wasusi wa fito waliobaki Nyanza na vilimani.

Shule ya usanifu wa majengo ya Chuo Kikuu cha Rwanda iko Nyarugenge hapohapo, katika jengo jipya lenye kuta za mawe ya volkano na udongo, na kutoka langoni kwake hadi Biryogo ni mwendo wa miguu. Walimu wake nawaomba jambo moja. Mwaka huu, kabla ya wanafunzi kuchora mnara mwingine wa vioo, wapewe futi kamba na daftari, washuke Biryogo wawili wawili, wapige hodi, waombe ruhusa ya mwenye nyumba, wapime.